Somo: Jinsi idara ya kilimo inavyoweka malengo na kupima kazi yake

Ndugu wanamemba, salamu kutoka Bukavu.

Kila koperative zetu zinapokaa na watu wa idara ya kilimo, tunasomewa hesabu: mafunzo yaliyotolewa, mbegu zilizogawiwa, vijiji vilivyotembelewa. Hesabu hizo ni za kweli mara nyingi. Lakini hazituambii kama mkulima wa Kabare alivuna zaidi, na ndilo jambo tunalolitaka. Nimeandika somo hili ili tukikaa tena mezani tujue la kuuliza. Idara isiyoulizwa itapima kilicho rahisi kuhesabu.

Hatua ya kwanza: jua nani ana kazi gani

Usimdai mtu lengo la kazi isiyo yake. Kwetu Kongo misingi ya kilimo imewekwa na Sheria namba 11/022 ya tarehe 24 Desemba 2011. Chini yake kuna mikono mingi: INERA, yenye kituo chake Mulungu kule Kabare, inafanya utafiti, SENASEM inakagua mbegu na kuzithibitisha, SNV inapeleka mafundisho kwa wakulima, inspeksioni ya jimbo inasimamia maagronomu wa teritware na mamoniteri, yaani wafanyakazi wanaowatembelea wakulima vijijini. Mbegu ikioza gunia lingali limefungwa, swali linaenda kwa aliyeithibitisha. Moniteri aliyekuletea gunia hana jibu.

Hatua ya pili: panga vipimo kwa ngazi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo roho ya somo. Tuchukue kirabiranya, ugonjwa wa migomba. Ulionekana Kongo mwaka 2001, Kivu ya Kaskazini, na tangu hapo umemaliza mashamba mengi. Ukikata shina lililoshikwa, baada ya muda mfupi linatoa kama usaha wa manjano. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizipasua ndani zimekuwa kahawia. Dawa ya kupulizia haipo. Kinga ni kazi ya mikono: kukata mara moja shina lililougua, kuondoa ua la dume, lile linaloning'inia mwisho wa mkungu, kwa mti wenye panda bila kutumia kisu, na kupitisha mundu kwenye moto au maji ya javeli (dawa ya kuua vijidudu) kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Idara inaweza kuupima mpango wa kirabiranya kwa ngazi nne. Ya kwanza ni pesa na vifaa: mafuta ya pikipiki yalitoka? Ya pili ni kazi iliyofanyika: mamoniteri walitembelea vijiji vingapi? Ya tatu ni mazoea ya mkulima: katika kila nyumba mia, ni ngapi zinazosafisha mundu na kuondoa ua la dume? Ya nne ni shamba lenyewe: katika kila mashina mia, ni mangapi yanaugua, na yanapungua?

Ripoti nyingi husimama kwenye ngazi ya pili. Sidhani kwamba ni uvivu. Ziara inahesabika siku ileile na iko mikononi mwa idara, lakini mashina yanayougua yanategemea pia jirani asiyesafisha mundu, na machipukizi yanayoletwa kutoka mbali bila mtu kuyakagua. Mfanyakazi anaogopa kuhukumiwa kwa jambo asilolitawala peke yake, na woga huo una haki. Dawa yake ni kuziandika ngazi zote nne pamoja, ili kila mmoja aone mnyororo umekatikia wapi. Ziara zikiwa nyingi na mundu bado haisafishwi, mafundisho ndiyo yenye shida. Mundu ikisafishwa na ugonjwa ukazidi, tuchunguze machipukizi.

Mimi ukiniambia nichague ngazi moja tu, nitachukua ya tatu. Iko karibu na kazi ya moniteri kiasi cha kumdai, na karibu na shamba kiasi cha kutufaa.

Hatua ya tatu: uliza "asilimia ya nini?"

Katika jimbo la Oregon, Marekani, idara ya kilimo ndiyo pia inayokagua mizani za biashara. Kimoja cha vipimo vyake kinauliza: katika mizani zilizokaguliwa, asilimia ngapi zilikutwa ziko sawa na sheria? Ni kipimo kizuri, kwa sababu kinamlinda muuzaji na mnunuzi, na hakihesabu safari za mkaguzi. Ila soma vizuri: ni zile zilizokaguliwa. Mkaguzi akipita kwenye maduka makubwa peke yake, asilimia itapendeza. Kwa hiyo lazima namba ya pili ikae kando yake: kati ya mizani zote zenye kibali, zilizokaguliwa ni ngapi? Sisi tunaouza maharagi katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, tunajua uzito wa swali hilo.

Pamoja na hayo, uliza hali ilikuwaje kabla ya kuanza. Kusema ugonjwa uko kwenye mashina kumi katika mia hakuna maana kama hakuna aliyehesabu mwaka uliopita.

Hatua ya nne: lengo liwekwe na zaidi ya mtu mmoja

Idara ikijiwekea lengo peke yake, italiweka chini. Ikiwekewa na mwanasiasa peke yake, litakuwa juu mno. Oregon wanafanya hivi: idara inapendekeza vipimo na malengo, bunge la jimbo linavipitisha pamoja na bajeti, ambayo kwao ni ya miaka miwili, na kila mwaka idara inatoa ripoti iliyo wazi kwa watu wote. Kila kipimo kinapewa rangi. Kijani ni pale matokeo yamefikia lengo au yamelikosa kwa asilimia isiyozidi 5, njano ni kati ya 5 na 15, nyekundu ni zaidi ya 15. Aliyepata nyekundu anaandika kwa nini. Tena wanawauliza watu waliohudumiwa: ulisaidiwa kwa wakati? Habari uliyopewa ilikuwa sahihi? Hilo la mwisho halihitaji pesa nyingi, na hata idara yetu inaweza kulianza.

Afrika nayo ina malengo yake. Katika mkutano wa Maputo mwaka 2003 nchi za Umoja wa Afrika ziliahidi asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Katika mkutano wa Malabo mwaka 2014 ziliongeza, pamoja na mengine, kupunguza kwa nusu mazao yanayoharibika baada ya kuvunwa ifikapo 2025, na kukubali kupimwa kila baada ya miaka miwili. Katika duru ya kwanza ya kupimwa huko alama ya kufaulu ilikuwa 3.94 juu ya 10, na nchi 20 kati ya 47 zilifaulu. Duru ya tatu alama ilipandishwa hadi 7.28, na Rwanda peke yake ndiyo iliyofika. Kwa hiyo nchi inaweza kupanda alama na bado ikaandikwa imeshindwa, kwa sababu mstari wenyewe umepanda. Ukisoma ripoti, tazama alama na mstari wa kufaulu kwa pamoja.

Halafu ile asilimia 10 ni kipimo cha ngazi ya kwanza tu. Pesa zinaweza kuandikwa kwenye bajeti zisitoke, au zikatoka zikaishia kwenye mishahara ya ofisi.

Hatua ya tano: pima kwa kalenda ya shamba

Fupi lakini inasahaulika. Msimu A kwetu unaanza Septemba na mavuno yake yanafika hadi Januari. Ripoti inayofungwa tarehe 31 Desemba inakuta maharagi mengine yangali shambani. Ndiyo maana mwaka wa ofisi unaweza kuonyesha njaa palipo na mavuno, au kinyume chake. Dai ripoti kwa msimu: A, B, na C ya mabondeni.

Hatua ya sita: anayehesabu asiwe anayesifiwa

Namba ya moniteri ihakikiwe na mtu mwingine, hata kwa vijiji vichache vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu. Daftari libaki kijijini, nakala iende ofisini. Tofauti zikionekana, tusianze na kumshtaki mtu. Tuangalie kwanza kama wote wawili walihesabu kitu kimoja.

Maswali ya wanamemba

*Mama mmoja wa Kabare: Wanasema wamegawa mbegu tani nyingi. Tuulize nini?*

Asante Mama. Uliza zilifika lini, kabla ya mvua ya Septemba au baada. Uliza kama zina etiketi ya SENASEM. Halafu mzipime wenyewe: hesabu punje mia za maharagi, zitandaze kwenye kitambaa kilicholowa, kisikauke, na baada ya wiki moja hesabu zilizoota. Andika namba hiyo pamoja na tarehe na namba ya gunia. Mkienda na karatasi hiyo, mazungumzo yatakuwa mengine kabisa.

*Mwanamemba wa Uvira: Agronomu wetu hana pikipiki, na mshahara unakuja ukipenda. Ni haki kumpima?*

Si haki kumpima peke yake. Lengo na njia ya kulifikia viandikwe kwenye mstari mmoja: vijiji kumi kwa mwezi, kwa lita kadhaa za mafuta. Mafuta yasipotoka, mstari unaonyesha aliyekosa ni nani. Kipimo kikiandikwa hivyo kinamtetea mfanyakazi, na nimeona maagronomu wanakipokea kwa furaha.

*Papa mmoja wa Walungu: Barabara zikifungwa kwa sababu ya vita, malengo yanafaa nini?*

Papa, ni swali zito. Lengo lisifutwe, na namba zisibuniwe. Kijiji kisichofikiwa kiandikwe "hakikufikiwa", kamwe kisiandikwe sifuri, kwa sababu sifuri inasema hakuna ugonjwa au hakuna mavuno, na mtu aliye mbali ataamua msaada kwa namba hiyo. Asilimia ihesabiwe kwa vijiji vilivyofikiwa tu, na idadi yao itajwe palepale. Mahali simu inapofika, mwanamemba mmoja aliyefundishwa kuhesabu mashina anaweza kutuma namba za kijiji chake. Ziwekwe safu yake peke yake, zisichanganywe na za moniteri, mpaka siku mtu atakapoweza kufika kuzihakiki.