Kabla hujachanganya meditesheni na mashine ya ubongo kutibu sonona

Tuelewane kwanza, maana ukisema umeme na ubongo wengi wanawaza ile ya kupigwa shoti ukiwa umelazwa usingizi, hiyo ni ECT, hatuiongelei hapa. Naongelea TMS, yaani koili ya sumaku inawekwa kichwani mbele upande wa kushoto, we uko macho kwenye kiti unasikia tu tk tk tk kama kigogota, na pia tDCS ambayo ni umeme mdogo sana, kama miliampea 2, unapita kwenye sponji zenye maji ya chumvi.

Kwa nini watu wanachanganya na meditesheni? Mtu mwenye sonona akili yake inacheua mawazo yaleyale kutwa nzima, na hilo eneo la mbele kushoto ni mojawapo ya sehemu zinazosaidia kushika umakini na kuurudisha ukipotea, ambacho ndo kitu chenyewe meditesheni inakufundisha. Kwa hiyo mashine inaamsha, we unafanyisha mazoezi. Ila TMS peke yake ina ushahidi mwingi, Marekani waliipitisha kwa sonona tangu 2008, lakini huu mchanganyiko bado mchanga, uchukulie kama nyongeza na usije ukaacha dawa eti sa hizi una mashine.

Kubwa kuliko yote la kumwambia dokta kabla ya kuanza ni chuma mwilini. Kama una klipu ya mshipa kichwani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni kwa ndani, au kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, sema mapema, hata kama fomu haijauliza, na hata kama ni operesheni ya zamani umeshaisahau. Kifafa pia usifiche. Degedege kwenye TMS ni nadra sana ila ipo, na kukesha, pombe na baadhi ya dawa vinaongeza hatari, kwa hiyo dawa zote ziandike kwenye karatasi uende nayo, na usiku wa kabla ulale. Kama umewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, hulali, unatumia hela ovyo, mwambie dokta, inawezekana ni baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana, na hapo mpango mzima unabadilika.

Halafu muda. TMS ya kawaida ni siku 5 kwa wiki, wiki 4 hadi 6, kila seshini dakika 20 hadi 40 hivi, ingawa kuna ya dakika 3 tu. Omba ruhusa kazini mapema. Plagi za masikio ni lazima, na kichwa kuuma siku za mwanzo ni kawaida.

Meditesheni yenyewe anza wiki mbili tatu kabla, dakika 10 kwa siku zinatosha, fuata pumzi tu, akili ikitoroka irudishe bila kujigombeza. Kujifunzia pale kwenye kiti huku kichwa kinagongwa ni kujitesa bure (na utaishia kuichukia). Kama una kumbukumbu za mambo mabaya yaliyokupata, kufumba macho kunaweza kuziibua, basi fumbua, angalia sehemu moja ukutani, na uwe na mtaalamu wa kuongea naye.

Vile vifaa vya kujitengenezea nyumbani na betri ya volti 9, achana navyo kabisa, watu wameungua ngozi. Na kama sa hizi unawaza kujiua usisubiri ratiba ya mashine yoyote, nenda dharura leo, au mwambie mtu akupeleke.

Mwisho, kuna kidodoso cha maswali 9 cha kupima sonona, kinaitwa PHQ-9, alama zinaenda 0 hadi 27, kubwa ndo mbaya zaidi, kijaze kabla ya siku ya kwanza na uandike tarehe, baadaye kila wiki, maana ukifika wiki ya 3 sonona itakwambia hakuna kilichobadilika na hutakumbuka ulianzia wapi. Muombe na mtu unayeishi naye akuangalie, mara nyingi yeye ndo anaona kwanza kwamba umeanza kula vizuri au umecheka.