Garum ya dagaa kwa jua la Mtwara

Garum ni mchuzi wa kale wa Warumi, maji ya kukolezea chakula yanayotoka kwa samaki waliovundikwa na chumvi. Ukitaka kuitengeneza, subiri giza kwanza. Mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, na wachache wanaopatikana bei yake haishikiki. Siku za giza nenda Feri alfajiri, boti ndiyo kwanza zinateremsha, uchague wenye macho maangavu na matumbo yasiyopasuka. Waliokaa ndooni mpaka jua limepanda waache hapohapo: samaki akianza kuharibika hujaa histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, na hiyo haitoki kwa chumvi wala kwa moto.

Ukifika nyumbani suuza kwa maji ya chumvi, chuja, na usitoe utumbo. Hapo ndipo mashoga zangu hunicheka, maana huku tumezoea kupasua, kusafisha, kutia chumvi na kuanika ng'onda. Kazi hii inataka kinyume chake. Vimeng'enya vya kwenye utumbo ndivyo vinavyoyeyusha nyama ikawa maji. Warumi walilijua hilo zamani: Pliny, aliyekufa mwaka 79, aliandika kwamba garum ni matumbo ya samaki na mabaki mengine ya kutupwa, yakilowekwa kwenye chumvi. Ile ya kitajiri ilitoka Cartagena, Hispania, kwa samaki wa jamii ya vibua. Jina lenyewe walilitoa kwa Wagiriki, waliosema garos.

Kilo 3 za dagaa, kilo 1 ya chumvi ya mawe. Pima kwa mzani, usipime kwa kopo, kwa sababu chumvi ya mawe ina mapengo na kopo litakudanganya. Na usipunguze ati unaogopa ukali. Chumvi hiyo ndiyo inayozuia vijidudu vya sumu.

Chombo kiwe chupa pana ya kioo au ndoo ya plastiki ya chakula. Sufuria ya alumini hapana, italiwa. Tandaza chumvi chini, dagaa, chumvi tena, hivyo hivyo mpaka juu, umalizie na chumvi nene. Weka sahani, na juu yake chupa iliyojaa maji ya kugandamiza. Funga kwa kipande cha kanga kuukuu, kisha mfuniko. Nzi mmoja akipenya, utakuta funza.

Siku chache baadaye maji yatapanda yenyewe. Yasipofunika dagaa, koroga chumvi kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka nyingine ibaki chini haiyeyuki, umimine hayo. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 10, Geoponika, kinasema upime kwa yai: likizama, chumvi haitoshi. Mimi yai siliamini, linaelea mapema mno.

Ndoo ikae juani nyuma ya nyumba, mbali na dirisha la jirani. Koroga kila wiki kwa mwiko mkavu. Mimi huanza Mei, mvua zikishakatika, nikapata miezi ya jua kabla ya Desemba. Miezi 6 kwa joto letu ndiyo uchache wake, mwaka ni bora. Ikiiva, nyama imesambaratika na maji yana rangi ya chai ya rangi. Harufu ni kali ya bahari na chumvi. Ikinuka uozo, mwaga.

Chuja kwa kitambaa kilichoning'inizwa usiku kucha, usikamue. Tope linalobaki Warumi waliliita allec na wakalila. Mimi nalisaga na pilipili na ndimu.

Wewe ambaye hujawahi kuionja, nunua kwanza Dar chupa ndogo ya mchuzi wa samaki wa jamii hii, upate cha kulinganishia. Ya Vietnam imeandikwa nước mắm, ya Thailand nam pla, ya Ufilipino patis. Waitalia wa Cetara wana colatura di alici, na Wajapani wa Akita wana shottsuru ya samaki aitwaye hatahata. Geuza chupa usome viungo: samaki na chumvi. Ukiona rangi imeongezwa, irudishe rafuni.

Jikoni anza na kijiko kimoja cha chai kwenye sufuria ya mbaazi za nazi, au kisamvu, nazi ikishachemka. Mama mkwe wangu harufu ya ndoo haitaki hata kuisikia, ila mbaazi hizo huongeza sahani. Chumvi ya kawaida usitie mpaka uonje, na mwenye presha mpakulie kabla hujaitia.