Likizo ya mwezi wa sita: namna ya kuwapeleka watoto Ukerewe bila kuua bajeti ya nyumbani

Shule zikikaribia kufungwa mwezi wa sita maswali yanaanza wakati wa kula, mara kina fulani wanaenda Dar, mara jirani anawapeleka wanae Serengeti, na sisi je tunaenda wapi? Kwa mzazi wa Mwanza mwenye watoto wa shule na kipato cha kawaida mimi jibu langu ni moja, panda nao meli muende Ukerewe, kisiwa kilichopo ndani ya Ziwa Victoria, au kisiwa kingine chochote ambacho una ndugu, mkae siku kadhaa, wale, wacheze, wasikilize wazee, alafu mrudi. Naandika hapa jinsi tunavyofanya kwetu kuanzia hela mpaka kurudi, na nitakaa sana kwenye habari ya maji maana hapo ndo wazazi wengi wanachukulia poa.

Tuanze na hela. Kabla hujataja neno safari mbele ya watoto toa kwanza hela ya Julai. Muhula wa pili ukianza kuna ada kwa wenye ada, kuna mchango wa chakula, madaftari, viatu ambavyo vilikuwa vinamtosha Januari saivi vinabana, sketi imepanda juu ya goti, yote hayo yanakuja kwa mpigo. Piga hesabu yake, weka kwenye laini ya simu usiyoitumia kila siku, na usiiguse hata mambo yakibana vipi. Cha pili toa nauli ya kurudi ya familia nzima nayo iweke pembeni. Kinachobaki ndo hela ya safari, kikiwa kidogo punguza siku za kukaa lakini hela ya Julai iache. Kibubu tunakianza mwezi wa tatu na watoto wanatumbukiza chenji za dukani tulizokubaliana, sio nyingi, lakini mtoto aliyechangia safari hasumbui kuomba soda kila mkitokea gengeni.

Nunua na daftari moja dogo, mpe mtoto wa darasa la tano au la sita awe mhasibu. Kila kinachotumika anaandika: nauli, bodaboda, maji, karanga, sabuni. Jioni anajumlisha na kutoa mbele ya wenzake, akikosea wanamsahihisha. Hiyo ni hesabu ya kweli na anaielewa kuliko ile ya ubaoni, na wewe unajua pesa inakwenda wapi bila kuumiza kichwa.

Kisha ongea na mwalimu wa darasa mapema, hata kwa simu. Darasa la saba mtihani wao wa taifa uko mwezi wa tisa kwahiyo shule nyingi zinawaweka kambi likizo hiyo hiyo, na madarasa mengine ya mtihani yanakuwa na twisheni. Usimtoe mtoto wa mtihani kambini kwa ajili ya safari, panga siku zake za mapumziko ziangukie kwenye siku zenu za kisiwani, na kama hazipo kabisa basi abaki na mtu mzima anayemuamini na mumuahidi Desemba, mkiahidi mtekeleze.

Wiki ya kwanza ya likizo msisafiri. Wanafunzi wa bweni ndo wanarudi makwao, stendi na bandari zinajaa, na watoto wenyewe wamechoka wanahitaji kulala. Itumie wiki hiyo kumaliza kazi za likizo, yani asubuhi kabla ya katuni kila mtu anakaa mezani mpaka zamu yake iishe. Daftari za shule zisibebwe safarini, zitalowa maji au zitasahaulika kwa bibi, na mtoto mwenye kazi kichwani hachezi kwa raha.

Kwenye wiki hiyo hiyo wapelekeni Saanane. Ile hifadhi ya kisiwani iko hapo hapo mjini, unaingilia Capri Point, boti ni dakika chache tu na ni hifadhi ya taifa tangu 2013, watoto wanaona pimbi kwenye mawe, swala, tumbili, na wale mijusi wa kichwa chekundu na mwili wa bluu. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu na malipo yanaenda kwa namba ya malipo, sio keshi, kwahiyo uwe na salio kwenye simu. Lakini sababu yangu kubwa ya kuanza na Saanane ni kuwaangalia watoto kwenye chombo. Nani anaogopa maji, nani anachafukwa roho, nani hasikii akiambiwa akae. Bora uyajue kwenye boti ya dakika chache kuliko katikati ya ziwa.

Safari yenyewe ina njia mbili. Ya kwanza ni meli kutoka bandari ya Mwanza Kaskazini mpaka Nansio, mji wa Ukerewe, masaa 3 mpaka 4 hivi kutegemea meli na hali ya ziwa. Ratiba hubadilika, kwahiyo siku moja kabla nenda mwenyewe bandarini ukaulize, usitegemee ya kuambiwa na jirani. Ya pili ni ya barabara, unapanda gari upande wa Nyamhongolo, mnapita Magu, Lamadi, mnafika Bunda, mnakata kushoto kwenda Kisorya na hapo mnavuka na kivuko kufika Rugezi alafu Nansio. Njia hii ni ndefu ila inawafaa wenye mtoto anayeogopa maji sana, na kati ya Lamadi na Bunda mnapita pembezoni kabisa mwa Serengeti, geti la Ndabaka liko pale barabarani, mara nyingine nyani wanakaa kando ya lami kama abiria wanaosubiri gari. Kwenda kwa meli na kurudi kwa gari ndo napenda mimi, watoto wanaiona nchi yao pande zote mbili. Wale wenye ndugu Sengerema, Geita au Chato saivi wana raha, daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 na ushee juu ya maji, ile foleni ya kusubiri kivuko na watoto wanalia juani haipo tena.

Sasa maji. Jamani hapa naomba tusikilizane. Mwanza tunaikumbuka meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na tunaikumbuka MV Nyerere, kivuko ambacho tarehe 20 Septemba 2018 kilipinduka kikiwa kinakaribia kufika Ukara, kisiwa jirani na Ukerewe, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha, kilikuwa kimebeba watu wengi mno kuliko uwezo wake. Kwahiyo sheria ya kwanza ya safari hii, chombo kikijaa msipande. Hata kama mmeamka saa kumi, hata kama watoto wananuna, hata kama kondakta anasema nafasi ipo. Rudini nyumbani mje kesho, ndo maana ile hela ya nauli umeiweka pembeni.

Kwenye meli hakikisha majina ya watoto wote yameandikwa kwenye orodha ya abiria, na yule mdogo unayempakata pia. Mkishakaa jambo la kwanza waonyeshe watoto maboya yalipo na namna ya kufunga, uliza mhudumu bila aibu. Kaeni pamoja, mkubwa mmoja kwa mdogo mmoja, na hakuna mtoto kuegemea reli za pembeni. Kwa mitumbwi ya injini ya kwenda visiwa vidogo mimi sipandi na mtoto kama hakuna jaketi la kumtosha yeye, la mtu mzima linamvuka kichwani likilowa. Na ondokeni asubuhi. Miezi hii ya kiangazi mchana upepo unapanda na mawimbi yanaanza, asubuhi mara nyingi ziwa linakuwa limetulia, wavuvi wote watakwambia hivo.

Kwa kuchafukwa roho wape chai ya tangawizi na mkate mkavu, sio maziwa wala chipsi, wakae nje kwenye upepo waangalie mbali kule maji yanapokutana na mbingu, na simu zizimwe maana kuangalia skrini ndo kunawatapisha. Mifuko ya plastiki si imepigwa marufuku tangu 2019, bebeni kopo la rangi lenye mfuniko, linafunga vizuri kuliko mfuko. Sweta kila mtu, alfajiri kwenye meli kuna baridi kuliko unavyofikiri, na kofia kwa ajili ya jua la baadae.

Chakula cha njiani sisi tunabeba matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), karanga, mayai ya kuchemsha na ndizi. Matobolwa hayaharibiki, hayamwagiki, yanashibisha, na bei yake sokoni ni ndogo. Kila mtoto na chupa yake ya maji yaliyochemshwa yenye jina lake.

Mkifika kuna kichocho. Hii sio hadithi ya kutishia watoto, mwambao wa ziwa letu una kichocho kingi na Ukerewe ni mojawapo ya sehemu zenye shida hiyo. Vijidudu vinatoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji yaliyotulia yenye matete na magugu, vinapenya kwenye ngozi yenyewe, mtoto hahitaji kunywa maji, akiingiza miguu tu inatosha. Watoto wa pale wanaogelea tangu wadogo na wako watakaokuita muoga, wewe kataa kwa upole. Maji ya kuoga yachotwe yakae kwenye pipa lililofunikwa siku 2 ndo yatumike, maana vile vijidudu haviishi muda mrefu bila kupata mtu, au yachemshwe. Ya kunywa yachemshwe siku zote. Na mamba wapo sehemu nyingine, kwahiyo hata kwenda kuangalia machweo ufukweni uliza wenyeji kwanza ni wapi panafaa. Chandarua bebeni cha kwenu, mwenyeji anaweza kuwa nacho kimoja tu na atawapa nyie alafu yeye alale bila.

Kwa mwenyeji usiende mikono mitupu. Sukari, sabuni, majani ya chai, mafuta ya kula, vitu ambavyo kisiwani bei iko juu kidogo kwa sababu vinavuka maji. Na uwaandae watoto nyumbani kabla. Ugali wa udaga, yani wa unga wa muhogo uliovundikwa na kukaushwa, wapikieni Mwanza mara kadhaa waizoee rangi na harufu yake, maana mtoto akisukuma sahani mbele ya bibi aliyeamka alfajiri kumpikia, bibi hatasema kitu lakini ataumia. Shikamoo kwa kila mkubwa, kusalimia kwa kuinama au kupiga goti kama kwenu ndo desturi, na kuosha vyombo walivyolia. Simu wape muda maalum tu jioni, mchana wawe na binamu zao.

Cha kufanya huko hakikosekani. Kisiwa ni kikubwa kuliko vyote ndani ya ziwa hili, baiskeli zinapatikana, machungwa ya Ukerewe sote tunayajua. Waombeni wazee wawapeleke Bukindo kuona jumba la mtemi, na kama hali ya ziwa ni nzuri na kuna chombo salama Ukara kuna lile jiwe linalocheza. Ila acheni siku nzima moja bila mpango wowote. Wakae na bibi wakichambua dagaa, aulizwe zamani walikuwa wanavukaje kwenda Mwanza, shule ilikuwa wapi, babu alimuonaje. Mtoto wangu mkubwa alijaza kurasa za daftari kwa maneno ya bibi yake bila mtu kumwambia aandike, na mengine hata mimi nilikuwa siyajui.

Kama huna ndugu kisiwani wala hela ya kulala nje, nendeni Bujora pale Kisesa, makumbusho ya Wasukuma, ni kwenda na kurudi siku moja kwa daladala. Mkibahatisha mwezi wa sita kuna Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, makundi mawili ya ngoma ya Bagika na Bagalu yanashindana na watu wanacheza na nyoka na fisi, watoto hawatafumba jicho.

Rudini angalau siku nne tano kabla ya shule kufunguliwa. Kuna kufua, kunyoa, kupima sare na kurudisha masaa ya kulala, maana kisiwani walikuwa wanalala wakijisikia. Mtoto akirudi na homa mpeleke akapime malaria siku hiyo hiyo, usimpe dawa ya dukani kwa kukisia. Na kama kuna aliyekanyaga maji ya ziwa, na kwa watoto hilo ni gumu kulizuia asilimia mia, weka alama kwenye kalenda wiki 6 mpaka 8 baadae umpeleke apimwe choo kwa kichocho hata kama hana dalili, dalili za hiki cha kwetu ni tumbo kuuma, kuharisha na damu kwenye choo ila mara nyingi mwanzoni hazionekani. Dawa yake ipo kwenye vituo vya afya na shuleni huwa wanagawa kwa kampeni, mueleze tu mwalimu kama ameshapewa ili asimeze mara mbili kwa wakati mmoja.