Mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda Ssese na Mburo

Shule zikifunga tu, simu yangu haipumziki. Kila mwenye gari, awe Kampala au kwetu Bombo, anaulizia njia ya visiwa vya Ssese, ndani ya Ziwa Victoria, na kama safari hiyohiyo inaweza kuunganishwa na hifadhi ya wanyama ya Mburo bila kula wiki nzima. Siku nne zinatosha. Mnatoka Kampala alfajiri, mnapita Masaka, mnashuka Bukakata kupanda kivuko hadi Luuku kwenye kisiwa cha Bugala, mnalala huko siku mbili. Siku ya tatu mnarudi Masaka, mnaelekea Lyantonde hadi Mburo, mnalala usiku mmoja, kisha nyumbani. Akikwambia mtu kwamba siku tatu zinatosha, huyo hajawahi kusubiri kivuko.

Haya someni kabla hamjapakia mabegi.

Gari kwanza. Tairi la akiba lijazwe upepo, jeki na spana viwe ndani, pembetatu za kuakisi ziwepo, permiti ya dereva iwe haijaisha muda. Breki ya mkono iwe inashika kweli, maana kwenye kivuko gari husimama juu ya bati lililolowa. Mafuta jazeni Masaka, kisiwani bei iko juu. Bebeni noti ndogondogo, na pesa nyingine iwe kwenye simu.

Barabara ya Masaka haitaki papara. Ni kama kilomita 130 kutoka Kampala, na mnaigawana na malori yanayokwenda hadi Rwanda na Kongo. Msimu wa mvua, yaani Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, sikilizeni habari za barabara kabla ya kutoka. Mei 2023 mafuriko ya mto Katonga yalikata barabara kabla ya kufika Lukaya, magari yakazungushwa Gomba na Sembabule, na waliokuwa na watoto wadogo bila chakula garini waliiona siku hiyo kuwa ndefu mno. Kayabwe mtasimama kupiga picha kwenye mstari wa ikweta; dakika kumi, mwende. Lukaya nunueni nyama na gonja, yaani ndizi za kuchoma, zinazotoka motoni wakati huo, mkiwa mmeziona zikigeuzwa. Kijiti kilichopoa kwenye ungo kirudisheni.

Kivuko cha Bukakata ni bure, kwa watu na kwa gari. Anayekuomba pesa ili akupitishe mbele ya foleni, mkatalie. Kinavuka mchana tu, na wikiendi za sikukuu foleni ya magari inarudi nyuma mbali sana, kwa hiyo lengeni kufika gatini kabla ya saa sita. Gari likishaingia, abiria wote washuke, madirisha yabaki wazi, watoto washikwe mkono. Wasio na gari wana meli ya MV Kalangala, inayotoka Nakiwogo, Entebbe, hadi Lutoboka kwa saa tatu na nusu hivi. Ratiba iulizeni asubuhi ya siku yenyewe, wala msitegemee ya mwaka jana.

Boti za kukodi, hapa sitanii na mtu. Ziwa hili, Nalubaale kama wanavyoliita wenyewe, asubuhi linaweza kulala kama mkeka na mchana likasimama. Novemba 24, 2018, MV Templar ilizama upande wa Mukono ikiwa na watu waliokwenda kustarehe, imebeba kupita kiasi, na zaidi ya 30 hawakurudi. Kila mtu avae jaketi la kuokolea, na lifungwe mikanda kabla boti haijatoka ufukweni. Jaketi la kukalia halimwokoi mtu. La mtoto liwe la mtoto, kwa sababu la mkubwa linamtoka kichwani akigusa maji. Nahodha akiongeza abiria mbele ya macho yenu, shukeni. Pesa mliyolipa iacheni.

Chandarua, dawa ya mbu, mikono mirefu ikifika magharibi. Visiwani malaria ipo mwaka mzima.

Sasa maji yenyewe. Hapa nitakaa.

Desemba moja tulikwenda Bugala watu tisa: mimi, dada yangu, mume wake, mama, na watoto watano. Nyumba tuliyofikia ilikuwa na ufukwe wake, mchanga mweupe kiasi, na upande wa kushoto matete na majani ya maji yaliyotulia. Nikamwuliza msimamizi kama kuna kichocho. Akasema hapana, wageni wanaogelea hapa kila siku. Nikaridhika, kosa langu la kwanza. Watoto wakaingia majini saa tano wakatoka saa nane, na mpwa wangu, mwenye miaka kumi na moja, akashinda kwenye matete akitafuta samaki wadogo kwa chandarua cha kichwani cha bibi yake. Usiku ule alijikuna miguu. Vipele vidogovidogo, kuanzia kwenye vifundo vya miguu hadi magotini. Tukasema mbu. Tukampaka mafuta, akalala.

Tukarudi nyumbani, tukasahau.

Wiki ya tano au ya sita homa ikaanza. Ilikuja jioni, ikashuka asubuhi. Kikohozi kikavu, tumbo likimsokota, na mwilini vikaota vivimbe vya kuwasha vinavyohama, leo mgongoni kesho mapajani. Zahanati ya kwanza ikampima malaria, kipimo kikasema hana, wakampa dawa ya malaria hata hivyo. Ya pili ikasema taifodi, akameza dawa siku kumi. Mtoto akapungua mpaka sare ya shule ikamning'inia. Na mimi, shangazi mtu ninayejiona najua, nilimwuliza faraghani kama anakojoa damu. Akasema hapana. Nikaiondoa kichocho kichwani, kosa langu la pili, na hili ndilo lililotugharimu wiki mbili.

Sikilizeni kwa makini, hasa nyinyi mliokulia kwenye Kiswahili. Sisi tukisikia kichocho tunafikiri mkojo wa damu, kwa sababu hicho ndicho kinachojulikana pwani ya bahari. Kichocho cha Ziwa Victoria ni cha matumbo. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, mayai hutoka na choo, na mengine hukwama kwenye ini na kulikausha polepole miaka ikienda. Mkojo unaweza kuwa mweupe kabisa na mtu anaumwa.

Mahali pa tatu tulimkuta daktari wa makamo, mama mmoja mtulivu. Hakugusa karatasi zetu. Aliuliza kitu kimoja: miezi miwili iliyopita mlikuwa wapi? Dada akasema Ssese. Daktari akaweka kalamu chini. Damu ikaonyesha aina moja ya chembe nyeupe imepanda sana, ile inayopanda mwili ukipambana na minyoo. Choo cha kwanza hakikuonyesha kitu. Akasema turudi baada ya siku chache, na choo cha pili kikaonyesha. Aliniita nichungulie kwenye hadubini: yai la rangi ya chai ya rangi, refu kama punje ya mchele, na ubavuni mwiba mmoja uliotokeza. Ule mwiba ndio unaoitambulisha hii ya matumbo. Nimesimama pale nikakumbuka matete.

Dawa inaitwa prazikwanteli, na hupimwa kwa uzito. Mpwa alikuwa na kilo 30, akapewa vidonge viwili vya miligramu 600, baada ya kula, vichungu mpaka machozi yakamtoka. Kisha akarudia baada ya wiki kadhaa, kwa sababu dawa hii inaua minyoo mikubwa na kuiacha iliyo michanga. Ndiyo maana kuinywa jioni ileile ya kutoka majini hakukulindi. Daktari akaagiza waliooga wote wapimwe. Dada yake, aliyekuwa anaruka kamba uani bila dalili hata moja, naye alikuwa na mayai.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Usimwulize mwenye nyumba ya wageni kama kuna kichocho, angalia ufukwe mwenyewe. Kimelea hutoka kwenye konokono wa maji baridi, na konokono hao hupenda maji ya kina kifupi yaliyotulia, yenye majani, hasa karibu na mahali watu wanapofulia na kujisaidia. Kimelea hicho hutoka kwa wingi jua likiwa kali, na huhitaji dakika chache tu kupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda. Mchanga mtupu na maji yenye mawimbi ni afadhali kidogo, lakini ufukwe salama kabisa sijaujua kwenye ziwa hili. Mimi sasa nalipia mahali penye bwawa la dawa, watoto wanaogelea humo, na ziwa tunaliangalia kutoka kwenye kiti. Ulizeni pia bomba la bafuni linavuta maji kutoka wapi. Maji ya ziwa yaliyokaa kwenye tangi siku mbili hayana tena kimelea hai cha kichocho. Yanayovutwa moja kwa moja kutoka ziwani ni sawa na kuoga kwenye matete.

Na kama mmeingia majini, maana najua mtaingia, andikeni tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Hesabuni wiki nane, mwende mkapime choo, wote, hata asiyeumwa. Homa ikija kabla ya hapo, neno la kwanza kwa daktari liwe mlikooga na lini. Asipouliza, mwambieni.

Mburo sasa, kwa ufupi. Hii ni hifadhi ndogo, kilomita za mraba 370 hivi, na ndani yake hakuna tembo. Wapo pundamilia, swala pala, pofu, nyati, viboko, na chui kwa wenye bahati. Unaruhusiwa kutembea kwa miguu na askari wa hifadhi, jambo ambalo watoto hulipenda kuliko kukaa garini. Soksi ndefu juu ya suruali, na mkirudi jikagueni kupe nyuma ya magoti na kiunoni.

Bebeni ndaga muntu, yaani kitambulisho cha taifa. Raia wa Afrika Mashariki wana kiingilio chao, wageni wakazi chao, wageni wa mbali chao, na tofauti ni kubwa. Shemeji yangu Mkenya aliacha kitambulisho nyumbani, akarudishwa kwenye kiingilio cha juu, wala askari hakuwa na kosa. Tiketi huhesabiwa saa 24, kwa hiyo anayeingia saa tisa alasiri anapata asubuhi ya pili yote ya kuangalia wanyama. Malipo andaeni kwenye simu au kadi.

Hifadhi haina ukuta. Pundamilia wanachunga na ng'ombe wa Ankole nje ya mpaka na wanavuka njia jioni, kwa hiyo muwe mmeingia getini mapema. Mkipiga hema karibu na ziwa, viboko hutoka usiku kula majani, hata katikati ya mahema. Choo mtu aende kabla ya kulala. Akibanwa usiku, amulike kwanza pande zote kabla ya kutoka, akisikia mtafuno abaki ndani.

Mengine mnayajua. Chakula kisiachwe kwenye hema, nyani wanafungua zipu. Plastiki rudini nayo. Njia ya kurudi iendesheni mchana, dereva alale usiku kamili kabla yake. Mwachieni mtu mmoja nyumbani majina ya mnapolala na siku ya kurudi, maana mtandao hukatika kisiwani na hifadhini pia. Dawa za mzee za kila siku ziwe kwenye begi la mkononi, mbali na jua la dirishani. Na watoto wahesabiwe kila gari linapotaka kuondoka, kwa majina, mmoja mmoja aitike.