Jinsi ya kufuatilia historia ya parokia ndogo ya Waacadia, Nova Scotia

Kama unataka kujua historia ya parokia ya Waacadia (wazao wa walowezi Wafaransa) kama ile ya kijiji cha Pointe-de-l'Église, kule ghuba ya Baie Sainte-Marie, jimbo la Nova Scotia, Kanada, usianze na jengo la kanisa jamani, hata kama ni zuri (lile la mbao la Sainte-Marie lilijengwa 1903 hadi 1905 na ni kubwa ajabu kwa kijiji kile), anza na vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi.

Hapo ndo utamu ulipo. Mwanamke huandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake, hata akiwa ameolewa, kwa hiyo unaweza kupanda kizazi kwa kizazi upande wa mama bila kupotea. Soma pia wasimamizi wa ubatizo, mara nyingi ni shangazi au mjomba, na tena cheki nani aliweka alama ya msalaba badala ya saini, yaani hakujua kuandika.

Ukikuta pengo kwenye vitabu hivyo usikate tamaa, lina sababu yake. Mwaka 1755 Waingereza walianza kuwafukuza Waacadia, walianza kurudi na kukaa ghuba hii kuanzia 1768, na padri Jean-Mandé Sigogne alifika 1799. Rejista za Grand-Pré, kijiji kingine cha Waacadia, zilibebwa na wakimbizi mpaka Louisiana, Marekani, leo zipo huko mjini Baton Rouge, mi hilo linanigusa sana.

Halafu nenda chuo kikuu cha Université Sainte-Anne, wana kituo cha nyaraka za Waacadia hapohapo kijijini, na kaa na wazee uwasikilize kwa Kifaransa chao.