Kabla hujampa mtu rimu zako za sport: vile natafuta fundi wa tairi hapa Nakuru

Nianze na yangu. Niko na Fielder, rimu za sport nilinunua kwa kujinyima, siku moja nikapata puncha nikaingia kwa duka moja hapa mjini, bango kubwa, kompresa mbili, hadi viti vya wateja wako navyo, nikakaa zangu na simu. Kuinuka naona ukingo wa rimu ya mbele kushoto umekwaruzwa mahali tatu nne, kama panya ametafuna, yaani kila mahali ile chuma ya kufungulia iliingia. Kuuliza naambiwa "hiyo ulikuja nayo boss". Sina picha, sina shahidi, nikalipa nikaenda. Tangu hiyo siku siangalii bango, naangalia mikono.

Kwa hivyo usingoje puncha ndio utafute fundi, ukiwa na tairi flati utapeleka popote bana. Nenda siku uko sawa, kisingizio ni upepo, jaza presha halafu simama hapo dakika ishirini hivi ukiangalia vile anashika gari ya mtu mwingine.

Angalia mashine, ile inazungusha rimu. Iko na makucha manne ya kushika rimu na kichwa kinachoingia kati ya rimu na tairi. Kwa fundi mwenye kujali, makucha yamevalishwa plastiki na kichwa pia, ikiisha anabadilisha. Ukiona ni chuma tupu inang'aa kwa kusuguana na rimu za watu, shukuru uendelee na safari. Halafu kuna ile kama koleo hapo pembeni, inasukuma tairi iachane na rimu, na hapo ndio wengi wanaharibu: inafaa ikae kwa raba, si kwa ukingo wa rimu, na isibonyeze mahali valvu iko. Mzuri anazungusha kidogo anabonyeza, anazungusha tena, pande zote mbili. Mwenye haraka anaweka mara moja anakanyaga pedo.

Na iko wapi kopo ya povu na brashi? Povu la sabuni linafanya raba iteleze, bila hiyo anatumia nguvu, na nguvu ndio inakwaruza. Kama anapaka oili chafu ya injini toka hapo, oili inakula raba.

Wale wa Salgaa wanaotengeneza malori siwasemi vibaya hata kidogo, nikikwama usiku wa manane ndio nitawaita. Lakini wamezoea rimu ya chuma, ikigongwa inajikunja, unaigonga inarudi. Aloi, ndio hizi rimu zetu za sport, haina hiyo huruma, inapasuka ama inatoka kipande. Kama huna budi, mwambie "fundi, weka kipande cha tyubu hapo kati ya chuma na rimu", tyubu nzee hazikosi hapo, ni kuuliza tu.

Kuuliza watu nako, dere wa matatu mwachie, yake ni rimu za chuma na kazi nzuri kwake ni kazi ya haraka. Uliza mwenye rimu kama zako zikiwa safi. Nikiwa kazi Kisumu nilifuata jamaa wa Subaru pale Kondele mpaka akaanza kuniogopa, akafunga vioo kabisa, lakini nilipomweleza shida yangu alicheka akanipeleka mwenyewe kwa fundi wake, na huyo fundi mpaka leo nikishuka Kisumu napitia kwake.

Sasa nati. Ile mashine ya upepo ya kufungua haina shida, shida ni kufungia nayo mpaka mwisho. Nati inaanza na mkono, inashika uzi mizunguko kadhaa, kisha anakaza kwa kuruka, hii halafu ile ya ng'ambo, akishateremsha gari anamalizia na spana ya toki, ile inapima nguvu ya kukaza na inalia tik ikifika. Muulize anaweka ngapi. Toyota ndogo nyingi kama hii yangu ni 103 Nm, akikujibu "tunakaza tu boss" umeshajua. Ikipitishwa sana stadi, zile bolti nati inaingia, zinavutika na disiki ya breki inaweza kupinda, halafu utaanza kusumbua mtu wa breki bure.

Pia chunga nati zenyewe: rimu zingine zilizokuja na Toyota zinatumia nati yenye washa bapa, nyingi za kununua baadaye zinataka iliyochongoka kama koni. Ukichanganya haikai vizuri, na gurudumu linaweza kulegea ukiwa barabarani.

Balansi, yaani kuweka vyuma vya uzito ili gurudumu lisitetemeke, mwambie mapema unataka vile vya kubandika kwa ndani, si vya kugonga kwa ukingo.

Siku ya kazi yenyewe piga picha rimu zote nne ukifika, mbele yake, bila maneno mengi, yeye mwenyewe ataongeza adabu. Usikae kwa viti. Kabla ya kutoka tema mate kidogo kwa valvu, yakitoa mapovu mrudishie hapo hapo. Ukishatembea kama kilomita 50 hadi 100, tuseme umefika Naivasha, kagua nati tena, na kama alikuwa mtu wa maana atakuwa alikuambia mwenyewe urudi azipime.