SOMO: Kupanga skrini yako ya gemu la World of Warcraft kwa adoni (soma mpaka mwisho kabla hujanifuata inboksi)

Wadau, salaam. Wiki hii peke yake nimejibu watu saba swali lilelile: "Mkuu, nimeweka adoni mbona haionekani?" Nimechoka. Kuanzia leo ukinifuata inboksi nakutupia uzi huu, basi.

Kwa wageni: adoni ni programu-jalizi ndogo zilizoandikwa kwa lugha ya Lua. Zinabadilisha unachokiona: vitufe vya uwezo, ramani, mifuko, mistari ya uhai. Hazikupi dhahabu wala nguvu. Na tangu 2009 masharti ya Blizzard, wenye gemu, yanataka adoni ziwe za bure na msimbo wake usomeke, kwa hiyo anayekutoza hela achana naye.

Hatua ya 1. Jiulize kama unaihitaji kweli. Tangu nyongeza ya gemu iitwayo Dragonflight itoke 2022, gemu lina Edit Mode (hali ya kupanga skrini) ndani yake. Bonyeza Esc, ichague, buruta vitu unavyotaka. Wengi wenu shida yenu inaishia hapa.

Hatua ya 2. Zima gemu. Kulishusha chini ya skrini si kulizima.

Hatua ya 3. Pakua adoni kutoka CurseForge, Wago au WoWInterface. Ndani ya zipu utegemee mafaili ya .toc (linaloitambulisha adoni kwa gemu), .lua, .xml, pengine picha na sauti. Ukikuta .exe (programu inayojiendesha), futa yote.

Hatua ya 4. Fungua zipu, weka folda ya adoni ndani ya World of Warcraft\_retail_\Interface\AddOns (_retail_ ni toleo la kawaida la sasa). Kama unacheza Classic (gemu la enzi za zamani), badala ya _retail_ ingia folda ya Classic unayoicheza, maana kila toleo lina AddOns yake. Sasa sikiliza: jina la folda na jina la faili la .toc lazima yafanane. Mfano, kwa Bartender4, adoni ya kupanga vitufe, inatakiwa iwe AddOns\Bartender4\Bartender4.toc. Programu nyingi za kufungua zipu hukutengenezea folda juu ya folda, ukaishia na AddOns\Bartender4-toleo-fulani\Bartender4\Bartender4.toc, na hapo gemu haliioni. Msimbo uliochukuliwa GitHub, tovuti ya waandishi wa programu, nao mara nyingi huja na mkia "-master" au "-main" kwenye jina la folda. Ukate.

Hatua ya 5. Nakala ya WTF. Hapa ndipo nililia.

Folda ya WTF, iliyo jirani na Interface, ndiyo inayotunza mipangilio ya adoni zako zote. Ndani yake kuna Account, kisha akaunti yako, kisha SavedVariables. Kila mhusika naye ana SavedVariables yake chini ya jina la seva. Adoni ikifutika unaipakua tena kwa dakika moja. Mpangilio ulioujenga miezi mingi huupakui popote.

Mimi nilikuwa na nakala, tena nzuri. Siku moja nilivuruga vitufe vyangu nikiwa najaribu vitu, nikasema hakuna shida, narudisha ya zamani. Nikashusha gemu chini ya skrini, nikabandika WTF ya zamani juu ya mpya, nikarudi, nikatoka kwenye mhusika. Vurugu zilezile. Sikuwa najua kwamba gemu likiwa wazi hubeba mipangilio kwenye kumbukumbu yake, na huiandika kwenye diski pale tu unapotoka kwa mhusika, unapoandika /reload kwenye chati (amri ya kupakia skrini upya) au unapozima gemu. Nilipotoka, likaandika vurugu zake juu ya nakala yangu. Pembeni kulikuwa na mafaili ya .lua.bak, ambayo gemu hutunza kama toleo la mara moja nyuma. Yangeniokoa. Lakini kwa kihoro nikaingia na kutoka tena mara mbili kuhakikisha, na kila nilipotoka hayo nayo yakaandikwa upya. Na ile nakala yenyewe? Nilikuwa nimeihamisha, sikuinakili. Ilikuwa moja tu.

Kwa hiyo:
- Gemu limezimwa ndipo unagusa WTF. Hata kama ni kubadilisha neno moja.
- Nakili, usihamishe. Iweke nje ya folda ya gemu na uandike tarehe kwenye jina.
- Mambo yakiharibika, usiingie tena "kuangalia". Zima gemu, fungua SavedVariables, nakili .bak mahali pengine kwanza.
- Gemu likizimika ghafla, ulichobadilisha tangu mara ya mwisho kuandikwa kimepotea. Ukimaliza kupanga, piga /reload.

Hatua ya 6. Washa gemu. Kwenye skrini ya wahusika bonyeza AddOns, hakikisha yako ina tiki. Kama imeandikwa imepitwa na wakati, jaribu kuruhusu adoni za zamani hapohapo juu ya orodha.

Hatua ya 7. Weka moja moja. Ukitupia ishirini kwa mkupuo kisha gemu likagoma, utamjuaje mchawi?

Maswali hapa chini.

---

Pangaboi: Mkuu somo zuri sana ila yangu haionekani nimefuata kila kitu

Mwandishi: Kila kitu, na hatua ya 4? Niandikie njia nzima mpaka kwenye .toc.

Pangaboi: Sijui njia. Nimeiweka Downloads

Mwandishi: Hatua ya 4.

Mponyaji_Baridi: Samahani kaka, hiyo "imepitwa na wakati" gemu linajuaje? Inaangalia tarehe?

Mwandishi: Swali zuri hili. Haiangalii tarehe. Fungua .toc kwa programu yoyote ya maandishi, utakuta mstari ## Interface: na namba. 110002 maana yake toleo 11.0.2. Namba ikiwa nyuma ya toleo la gemu lako, linaiona imezeeka, hata kama msimbo wote bado ni mzima. Kupata namba ya sasa andika kwenye chati: /run print((select(4, GetBuildInfo()))). Lakini ukibadilisha namba hujatengeneza adoni, umenyamazisha onyo tu. Washa makosa kwa /console scriptErrors 1 uone kama kuna kinachovunjika, au weka adoni za BugGrabber na BugSack zikukusanyie makosa kimyakimya.

Kinyonga77: Nikiwa napigana vitufe vyangu vinakataa kusogea, linakuja onyo kwamba adoni imezuiwa. Ni ugonjwa?

Mwandishi: Ni makusudi, dada. Zamani kulikuwa na adoni zinazochagua nani wa kuponywa na zinapiga uwezo zenyewe, mchezaji kazi yake kubonyeza kitufe kimoja. Toleo 2.0 mwishoni mwa 2006 likafunga huo mlango: vitufe vya uwezo vikalindwa, na ukiwa vitani adoni haiwezi kuvihamisha wala kuvificha ovyo. Toka vitani ndipo upange.

Mponyaji_Baridi: Ndiyo maana nasikia Midnight, ile nyongeza mpya ya gemu, nayo imebana?

Mwandishi: Mantiki ni ileile, imesogezwa mbele zaidi. Blizzard walieleza 2025 kwamba adoni zitabaki na uhuru wa kubadilisha mwonekano, ila hazitaweza kupiga hesabu kwa taarifa za vita na kukuamulia. Timu ya WeakAuras, adoni ya kutengeneza alama za onyo za vita, ikasema haileti toleo la Midnight. Binafsi sikulia. Nilikuwa natazama mishale inayomulika kuliko bosi mwenyewe.

Radi_Kavu: Nimeanza mhusika mpya mpangilio wote wa Bartender umepotea. Somo lako halisaidii

Mwandishi: Haujapotea, na somo halijaligusa hilo. Mhusika mpya amepewa profaili yake. Andika /bt, nenda Profiles, chagua ile ya mhusika wa zamani. Ukitaka kubadilisha bila kumharibia yule, nakili kwanza badala ya kuichagua.

Radi_Kavu: Imekubali. Asante, samahani kwa ukali

Kinyonga77: Kuna jamaa kwenye gemu amenipa mstari wa /run, eti nikiuandika ramani inapendeza. Niuandike?

Mwandishi: USIANDIKE. Adoni na /run haziwezi kusoma mafaili ya kompyuta yako, hilo lisikutishe. Ila mstari mmoja unaweza kumpa yule jamaa njia ya kumwendesha mhusika wako kupitia meseji za chati, akakukomba dhahabu. Gemu likikuuliza kama unaruhusu skripti, na hujui imeandikwa nini, jibu hapana. Ule wangu wa namba ya toleo unachapisha namba tu. Usiniamini mimi, muulize mwingine anayejua Lua.

Mponyaji_Baridi: Nyongeza kwa wadau: andika /fstack kisha pitisha kipanya juu ya kitu chochote kwenye skrini, linakuja jina lake. Nilimkamata hivyo aliyekuwa ananifunika ramani.

Mwandishi: Naam, huyu anasoma. Na mkitaka picha safi ya skrini, Alt na Z huficha kila kitu, mkibonyeza tena vinarudi.

Pangaboi: Mkuu nimebonyeza Alt na Z sasa hata chati sioni